DRC: Baada ya teze ya udaktari, saa inaanza kuhesabu kwa watafiti wa mashariki

Katika miji ya Bukavu, Goma, Butembo na Kisangani, siku mtu anapotetea teze yake ya udaktari, jamaa inapika, wanafunzi wanapiga picha, na jina la « profesa » linaanza kuitwa mtaani hata kabla karatasi za kazi hazijatoka Kinshasa. Kwa wengi, safari ya masomo imefika mwisho. Lakini kwa mwanabiolojia, mwanajiolojia, mwanafizikia ao injenia, siku hiyo ndiyo saa nyingine inaanza kuhesabu. Inchi mbalimbali zinatoa nafasi za utafiti kwa watu wenye udaktari mpya, na karibu zote zinauliza jambo moja: umepata udaktari wako mwaka gani?

Nafasi hizo wasomi wanaziita postidoki. Kwa mtafiti wa mashariki mwa DRC, kuzikosa mara nyingi hakutokani na ukosefu wa akili. Kunatokana na kutojua kwamba zipo, kujua kwa kuchelewa, ao kushindwa kufikisha dosye kwa wakati.

Postidoki ni kazi, si diploma

Postidoki haina mtihani wala sherehe. Ni kazi ya muda, mara nyingi kati ya mwaka 1 na miaka 3, ambamo mtu mwenye udaktari anaingia katika laboratwari ya chuo kikuu ao ya kituo cha utafiti, analipwa mshahara ao burse, na anafanya utafiti wake mwenyewe. Hapo anaandika makala katika magazeti ya sayansi, anajifunza mashini na njia ambazo hakuzipata wakati wa teze, na anaonyesha kwamba anaweza kuongoza kazi bila kushikwa mkono na profesa aliyemfundisha.

Katika sayansi na uinjenia jambo hili lina uzito kuliko katika masomo mengine. Mwanahistoria anaweza kuendelea na kazi yake akiwa na vitabu na hifadhi ya barua za zamani. Lakini mtu anayesoma vinasaba vya virusi, anayepima mitetemeko ya ardhi ao anayetengeneza betri za umeme wa jua anahitaji mashini, vifaa vya kemia, umeme usiokatika na watu wa kuulizana nao kila siku. Bila hayo, elimu aliyoipata inazeeka haraka.

Ngazi ya vyuo vya Congo haina kidato hiki

Katika vyuo vikuu vya DRC ngazi inajulikana: asistenti, shefu wa travo, profesa mshiriki, profesa, kisha profesa ordineri. Udaktari ndio unamvusha mtu kutoka kwa shefu wa travo kwenda kwa profesa mshiriki. Katika ngazi hiyo postidoki haina kidato chake. Anayeondoka miaka 2 kwenda kufanya utafiti inje anaogopa kurudi na kukuta kozi zake zimegawiwa wengine. Anayebaki anapewa kozi nyingi, mara nyingi katika vyuo viwili ao vitatu, sababu mshahara wa chuo kimoja hautoshi kulisha nyumba. Anafundisha asubuhi na mangaribi, anasahihisha mitihani, anaongoza kazi za wanafunzi. Utafiti unangoja likizo, na likizo haifiki.

Kuna jambo lingine la pekee kwa Congo. Watu wengi hapa wanapata udaktari wakiwa na umri mkubwa, baada ya miaka mingi ya uasistenti, vita, mgomo na kutafuta feza za teze. Wengi wanafikiri wamekwisha kupitwa. Kwa hili wanakosea. Programu kubwa za postidoki hazihesabu umri wa mtu, zinahesabu miaka tangu apate udaktari. Mwenye miaka 45 aliyetetea teze mwaka jana anakaa kwenye mstari mmoja na mwenye miaka 28 aliyetetea mwaka jana.

Sayansi ya ulimwengu inakuja mashariki

Jambo la kushangaza ni kwamba watafiti wa inchi nyingi wanatamani kufanya kazi penye wasomi wa mashariki wamezaliwa. Volkano ya Nyiragongo imeteremsha lava mwaka 1977, 2002 na tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Ziwa Kivu linabeba ndani ya maji yake ya chini karibu kilometa za ujazo 300 za gesi ya kaboni na karibu 60 za metani. Upande wa Rwanda, kiwanda cha KivuWatt kinatoa humo umeme wa megawati 26. Kupima gesi hiyo, kujua hatari yake na kuitoa salama ni kazi ya wanafizikia, wanakemia na mainjenia pamoja.

Kamituga, katika teritware ya Mwenga, mji wa wachimbaji wa dhahabu, ndiko aina mpya ya virusi vya mpox, inayoitwa klade Ib, iligunduliwa baada ya wagonjwa kuanza kuonekana mwezi wa tisa 2023. Wataalamu wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa biolojia na tiba, ndio walikuwa mbele katika kazi ya kusoma vinasaba vya virusi hivyo. Tarehe 14 mwezi wa nane 2024, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitangaza mpox kuwa hatari ya afya kwa ulimwengu mzima, tangazo lililobaki mpaka mwezi wa tisa 2025.

Kule Yangambi, karibu na Kisangani, tangu 2020 umesimama mnara wa metre 55 juu ya miti. Unapima hewa ya kaboni ambayo pori inavuta na kutoa. Ni wa kwanza wa namna yake katika bonde la Congo, na uliwekwa kwa ushirikiano na chuo kikuu cha Gent cha Ubelgiji. Magharibi zaidi, katika pori ya kati yenye maji, watafiti walionyesha mwaka 2017 kwamba udongo wa peti unaenea kilometa za mraba 145.500 katika Congo mbili, na unafungia karibu tani bilioni 30 za kaboni.

Kufuatana na mambo haya, mwenye udaktari kutoka Kivu, Tshopo ao Ituri haendi kuomba huruma inje. Ana kitu mkononi: anajua eneo, anajua lugha ya wakaaji, anajua barabara gani inapitika wakati wa mvua, na mara nyingi ana takwimu ambazo hakuna mwingine anazo. Malalamiko ya zamani ya watafiti wa Afrika ni kwamba sampuli zinapanda ndege, na jina la aliyezikusanya linabaki katikati ya orodha ya waandishi. Postidoki ni moja ya njia za kutoka hapo katikati, kwa sababu inampa mtafiti muda na vifaa vya kuchambua sampuli mwenyewe na kuandika makala akiwa wa kwanza.

Milango inayojulikana

Ujerumani kuna shirika la Alexander von Humboldt. Burse yake ya postidoki inawaangalia watafiti wa inchi zote na masomo yote waliopata udaktari ndani ya miaka 4 iliyopita. Inadumu kati ya miezi 6 na 24. Dosye inatumwa wakati wowote wa mwaka, na kwa wanasayansi na mainjenia Kiingereza kinatosha. Shirika hilo linasifiwa pia kwa kutowaachilia waliopita mikononi mwake: mtu akirudi kwao, anaweza kuendelea kuomba msaada kwa kazi ya pamoja na wenyeji wake wa Ujerumani.

Umoja wa Ulaya una programu ya Marie Skłodowska-Curie. Iko wazi kwa mataifa yote, kwa wenye udaktari na uzoefu wa utafiti usiozidi miaka 8 baada ya udaktari. Mtafiti anakuwa mfanyakazi mwenye mkataba na bima katika chuo cha Ulaya, kwa mwaka 1 mpaka 2. Sharti moja linawapendelea wanaotoka mbali: mwombaji asiwe amekaa katika inchi anayoenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Maombi yanafunguliwa mwezi wa ine ao wa tano na kufungwa mwezi wa tisa. Ushindani ni mkali. Mwaka 2024 dosye 10.360 zilitumwa na 1.696 zilikubaliwa. Mwaka 2025 dosye zilipanda mpaka 17.058.

Japani, kupitia shirika la JSPS, inapokea watu wenye udaktari usiopita miaka 6, kwa miezi 12 mpaka 24. Posho ni yen 362.000 kwa mwezi, pamoja na tiketi ya kwenda na kurudi. Hapo mwombaji hatumi dosye mwenyewe: profesa wa Japani ndiye anaipitisha kupitia chuo chake.

Mji wa Trieste, nchini Italia, una nyumba tatu ambazo mtafiti wa Congo hapaswi kuzisahau. ICTP, kituo cha fizikia na hesabu kilichoanzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam wa Pakistan, kinapokea watafiti kutoka inchi zinazoendelea. Kina pia tawi karibu zaidi, ndani ya chuo kikuu cha Rwanda mjini Kigali, lililofunguliwa 2018. TWAS, akademia iliyoanzishwa 1983 na Abdus Salam huyo huyo, inapanga nafasi za utafiti katika inchi za Kusini zenyewe. Ya tatu ni OWSD, shirika la wanawake wanasayansi.

OWSD inastahili kutazamwa kwa karibu. Burse yake kwa wanawake wanaoanza kazi ya utafiti inafika dola 50.000 kwa miaka 2, na DRC imo katika orodha ya inchi zinazokubaliwa. Tofauti yake na nyingine ni kwamba mwanamke habanduki nyumbani. Anabaki katika chuo chake ao kituo chake, feza zinanunua vifaa, zinalipa safari fupi za mafunzo na kumsaidia kujenga kikundi cha utafiti. Kwa mama mwenye watoto wadogo Bukavu ao Bunia, hilo ni jambo kubwa kuliko tiketi ya ndege. Katika programu nyingine pia, miezi ambayo mzazi aliacha utafiti juu ya kulea mtoto mara nyingi inaweza kutolewa katika hesabu ya miaka. Lazima mtu aseme na aonyeshe karatasi, hakuna atakayeikumbuka kwa niaba yake.

Kila kitu kinaanza na barua moja

Programu hizi nyingi zina kitu kimoja cha kufanana: hazipokei mtu asiye na mwenyeji. Kabla ya fomu yoyote, mtafiti anapaswa kupata profesa ao kiongozi wa laboratwari anayekubali kumpokea. Hapo ndipo wengi wanaanguka, kwa sababu wanatuma barua moja kwa watu mia, ikianza na maneno ya heshima ndefu na kuisha na ombi la burse.

Barua inayojibiwa ni fupi. Inataja makala gani ya huyo profesa mwombaji amesoma na swali gani limebaki humo. Inasema mwombaji amefanya nini, kwa mistari mitatu. Inaeleza ana takwimu ao sampuli gani, na anataka kujibu swali gani kwa miezi 12 ao 24. Inataja programu gani anataka kuomba na tarehe yake ya kufunga. Inabeba CV ya kurasa mbili na makala moja ao mbili. Jibu lisipokuja kwa juma mbili, anaandika mara moja tena kwa upole, kisha anaenda kwa mwingine.

Kwa hiyo makala ni jambo la kwanza. Teze iliyobaki kabatini kwa Kifaransa, bila makala hata moja katika gazeti linalosomwa inje, inamnyima mwandishi wake sauti. Wanaoshauriwa vizuri wanatoa makala mbili ndani ya teze katika mwaka wa kwanza, tena kwa Kiingereza. Barua mbili ao tatu za watu wanaomjua mwombaji zinahitajika pia, na si lazima ziwe za watu wenye vyeo. Barua ya mtu aliyefanya naye kazi laboratwarini ina uzito kuliko ya rekta asiyemjua.

Mizigo ya pekee ya mashariki

Mtafiti wa Kinshasa akikosa karatasi moja anapanda taksi. Wa mashariki hana bahati hiyo. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili, viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vilifungwa na benki zikafunga milango. Balozi nyingi zinazotoa viza ziko Kinshasa. Mtu wa Goma akiitwa na ubalozi, njia yake imepita katika inchi nyingine kabla ya kurudi ndani ya inchi yake.

Hayo yana hesabu yake kwa postidoki. Programu inaomba nakala ya diploma yenye muhuri: anayesubiri mpaka aitwe, anachelewa. Inaomba akaunti ya benki: penye benki zimefungwa, lazima kufikiria mapema. Inaomba mazungumzo kwa video: penye umeme na intaneti vinakatika, inafaa kumwambia mwenyeji mbele, na kupanga mahali pengine pa kuunganishwa. Laboratwari nyingi za inje zinaelewa hali hii, lakini tu ikiwa zimeambiwa kabla ya tarehe kupita.

Kwa hiyo wale waliokwisha kupita njia hii wanatengeneza dosye siku ile ile ya teze: diploma, matokeo ya masomo, pasporo, tafsiri rasmi, barua za ushuhuda, zote zikipigwa skana na kuhifadhiwa intanetini, si katika kompyuta moja tu inayoweza kuporwa ao kuungua.

Vita vimeleta pia wezi wa aina nyingine. Kwenye WhatsApp na Facebook matangazo ya « burse ya Canada » ao « postidoki ya Ulaya » yanapita kila juma, yakiomba dola 50 ao 100 za kufungua dosye. Kanuni ni rahisi. Programu zilizotajwa hapa haziombi feza kwa mwombaji ili dosye yake isomwe. Anayeomba feza ya mobile money kwa namba ya mtu binafsi, anayeahidi viza kabla ya mazungumzo na laboratwari, ao anayetumia anwani ya Gmail kwa jina la chuo kikuu, aachwe.

Kurudi, ao kufanya kazi kwa mikono miwili

Swali linalobaki katika kila jamaa ni hili: akienda, atarudi? Historia ya Congo inaonyesha njia zaidi ya moja. Profesa Jean-Jacques Muyembe alipata udaktari wa virusi Leuven, nchini Ubelgiji, katika miaka ya 1970, akarudi, na mwaka 1976 alikuwa kati ya waganga wa kwanza kufika Yambuku kwenye ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola. Kutoka kwa damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995 ilitoka dawa ya Ebanga, iliyokubaliwa Marekani mwezi wa kumi na mbili 2020. Sandrine Mubenga, injenia wa umeme mzaliwa wa Kinshasa, alibaki kufundisha na kutafiti betri katika chuo kikuu cha Toledo, Marekani. Lakini alianzisha STEM DRC Initiative inayosaidia wanafunzi wa Congo katika sayansi na uinjenia, na aliongoza pia ofisi ya serkali inayosimamia sekta ya umeme.

Kinachoamua mara nyingi si moyo wa mtu. Ni kile anachokikuta akirudi. Vyuo vya mashariki havina uwezo wa kununua kila mashini, lakini kuna mambo yasiyoomba feza nyingi: barua ya ruhusa inayosema wazi kwamba kiti cha anayeondoka kinamngoja, kozi chache katika mwaka wake wa kwanza wa kurudi, chumba kimoja chenye ufunguo kwa vifaa alivyoleta, na kuhesabu miaka ya postidoki wakati wa kupandishwa cheo. Kituo cha Lwiro, katika Kabare, mrithi wa IRSAC ya mwaka 1947, kinakumbusha kwamba utafiti mkubwa umeshawahi kukaa Kivu, ukiwa na maktaba na laboratwari zake.

Kwa yule aliyetetea teze mwaka huu, hesabu ni fupi. Mlango wa Humboldt unafungwa baada ya miaka 4, wa Japani baada ya 6, wa Marie Skłodowska-Curie baada ya 8. Mwaka wa kwanza ni wa makala na barua kwa wenyeji. Wa pili ni wa kutuma dosye. Ikikataliwa, na ya kwanza mara nyingi inakataliwa, maoni ya waliosoma yanatumiwa kutengeneza ya pili, na bado miaka inabaki.